Bega limeganda, ulimi unawaka, sisimizi wasioonekana: kuna mwenzangu wa umri wa 48?

FundiMoro

Salaam wanajamvi. Kina mama mliovuka 45 naomba mniambie ukweli. Vijana mnaopita kutafuta vichekesho, uzi wenu uko kule kwenye mpira.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 48. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Mwaka jana msimu wa sare bega la kushoto lilianza kuuma, na usiku ndiyo zaidi. Nikajua ni kazi. Msimu ukaisha, kazi ikapungua, bega likazidi. Sasa hivi mkono hauinuki. Nikitaka kumpima mteja mgongo, ncha moja ya tepu anashika binti ninayemfundisha. Sidiria nafungia mbele halafu naizungusha. Kujifunga khanga kifuani naweza, kuitupia begani siwezi.

La pili ni mdomo. Sisi mafundi pini tunazibana kwa midomo, tabia mbaya najua. Nikaanza kusikia ladha ya chuma, nikalaumu pini. Nikanunua mto wa kuchomekea, pini nikaziacha. Ladha haikuondoka, na ulimi ukaanza kuwaka, hasa ncha na pembeni, asubuhi kidogo na jioni sana. Chai ya tangawizi niliyoipenda siigusi, nanasi ndiyo kabisa. Nimejimulika kwenye kioo kwa tochi: hakuna kidonda, hakuna utando mweupe.

La tatu naona aibu kulisema. Nikilala nasikia wadudu wanatembea miguuni na mgongoni, chini ya ngozi. Nimeanika godoro, nimechemsha mashuka, nimenunua dawa ya kunguni. Mume wangu analala palepale, hasikii kitu.

La nne, usiku wa manane moyo unaondoka mbio bila sababu. Najikuta nimekaa kitandani na hofu nisiyojua ya nini. Madeni yapo, ndiyo, lakini yalikuwepo na zamani na nilikuwa nalala.

Kila kitu nimekitibu peke yake. Bega nilichomwa sindano za maumivu. Moyo, zahanati moja wakapima malaria, hakuna, wakapima taifodi wakasema ipo "kidogo", nikameza dawa mpaka tumbo likachafuka. Ulimi nikapewa dawa ya fangasi ya kusukutua. Kuhusu wadudu, jirani anasema ni jini mahaba na mama mkwe anasema chango.

Hedhi sikuitaja popote kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Inakuja inavyotaka. Inapotea miezi miwili, mitatu, ikirudi inamwagika na mabonge, natandika nailoni chini ya shuka. Lile joto la kujipepea linalosemwa mimi sipati. Ndiyo maana sikufikiria kabisa ukomo wa hedhi, nilijua ukomo ni joto na damu kukata, basi. Juzi mteja wangu, mwalimu mstaafu, akaniona nikihangaika na tepu akasema, "Fundi, hata mimi bega lilinigandaga wakati siku zangu zinakata." Nikabaki na mkasi mkononi.

Maana mimi nilichezwa ngoma. Nilikaa ndani, nikafundishwa kila kitu cha kuanza, mpaka namna ya kukunja kitambaa na wapi pa kukianika. Wa kunifundisha kumaliza sijamwona.

Je, haya manne ni kitu kimoja, au nina magonjwa manne? Na nyie mlifanyaje?

SistaMstaafu

Pole sana mdogo wangu. Nilikuwa muuguzi mkunga, sasa nimestaafu niko Mwanza nafuga kuku. Nitaandika kirefu, nivumilieni.

Yanaweza kuwa kitu kimoja. Lakini usiyafunge furushi moja kabla kila moja halijapimwa kivyake, maana kila moja kati ya hayo manne lina ndugu yake anayefanana naye.

Kwanza uelewe kinachotokea. Homoni ya estrojeni haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Ngozi, maungio, mishipa ya fahamu, kinywa, na sehemu ya ubongo inayoratibu joto na usingizi, vyote vinaisikiliza. Tunapoelekea ukomo homoni hii haishuki taratibu. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena, kwa miaka kadhaa. Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na tunasema mtu amekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi. Kwa hiyo wewe hujakoma, uko njiani. Tena mimba bado inaweza kuingia, usije ukatuletea kitindamimba usiyemtarajia. Na si kila mwanamke anapata joto. Wapo wanaoanza na maungio, wapo wanaoanza na hofu.

Bega: hilo linaitwa bega kuganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume. Lakini linawapenda mno wenye kisukari na wenye matatizo ya tezi ya shingo. Kwa hiyo kabla ya kulaumu homoni, pima sukari na tezi. Huanza kwa maumivu makali, kisha linakakamaa, kisha linaachia lenyewe. Safari nzima ni kati ya mwaka mmoja na mitatu. Sindano inayosaidia, hasa mwanzoni, ni ile daktari anayoiingiza kwenye ungio lenyewe. Hizo ulizochomwa ni za kutuliza maumivu kwa muda. Na kama una sukari mwambie daktari kabla, kwa sababu dawa ile huipandisha.

Mazoezi ni ya upole. Inama, shika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uachie uning'inie na uuzungushe duara dogo. Kisha simama mbele ya ukuta, pandisha vidole pole pole kama mjusi, ukifika panapouma kidogo tulia hapo. Khanga nayo ni kifaa kizuri: ipitishe mgongoni, mkono mzima juu na mgonjwa chini, vuta taratibu. Anza baada ya kuoga maji ya moto. Asiwepo mtu wa kukuvuta mkono kwa nguvu, hata kama ni bingwa wa kuchua.

Ulimi: hapa ndipo uliponishtua, si kwa sababu ya ulimi bali kwa sababu ya nailoni chini ya shuka. Mwanamke anayemwaga damu ya mabonge anaishiwa madini ya chuma, na ulimi kuwaka ni dalili mojawapo. Nikuulize: unatamani udongo, barafu au mchele mbichi? Ukipanda ngazi unahema? Upungufu wa damu unaeleza ulimi, unaeleza moyo kwenda mbio, na unaweza kuchangia hata huo mwasho. Upungufu wa vitamini B12 nao huchoma ulimi, na wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu wajihadhari nao. Baadhi ya dawa za presha, jamii ya kaptoprili na enalaprili, huharibu ladha na kuchoma kinywa. Hayo yote yakishaondolewa, ndipo tunasema ni kule kuwaka kwa kinywa kunakowapata wanawake wa umri wetu. Wakati unasubiri, acha dawa ya meno yenye povu jingi, mdalasini, ndimu na pilipili. Barafu mdomoni hupoza.

Wadudu: ni ngozi kukauka na mishipa ya fahamu kuchanganyikiwa, wala hujapungukiwa akili. Ingekuwa upele wa kuambukiza, mumeo naye angejikuna, na ungeona vipele katikati ya vidole. Oga maji ya uvuguvugu, acha sabuni za dawa, jipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Ukiona ngozi inakuwa ya njano, au mkojo unabadilika rangi, nenda kwa daktari, maana ini na figo navyo huleta mwasho.

Moyo: pima damu, tezi, presha, na kipimo cha umeme wa moyo. Ukisikia maumivu ya kifua, ukizimia, au ukikosa pumzi, usisubiri kesho.

Damu yenyewe: fanya altrasaundi. Uvimbe kwenye kizazi ni wa kawaida sana kwetu na unamwaga damu hivyohivyo. Kwa umri wako daktari anaweza kutaka kuchukua sampuli ya ukuta wa kizazi, usikatae. Ukiwa pale omba na uchunguzi wa mlango wa kizazi, ule wa siki. Saratani ile inaua wanawake wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote.

Kuhusu taifodi "kidogo" sitasema kitu, presha yangu itapanda.

TibaAsiliaOriginal

Habari dada, hilo ni chango limepanda begani. Nina dawa ya kusafisha kizazi, kurudisha homoni, kuondoa uvimbe, nguvu za kiume pia ipo. Dozi ya kwanza tu unaona tofauti. Njoo inbox.

FundiMoro

Kaka, dawa moja inasafisha kizazi changu na kumpa nguvu mume wangu? Mimi kitenge kimoja hakinitoshei gauni na suruali. Asante, inbox siji.

BintiWaMvita

Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa, nina 51. Pole dadangu, hayo ya wadudu yalinipata wallahi, nikamwambia mume wangu tuhame nyumba.

Yangu mengine ni haya. Kabla joto halijaja napigwa shoti, cha! kama nimeshika waya, begani au kichwani, kisha ndiyo jasho lafuata. Masikio yanivuma usiku. Na kusahau. Mie nasomesha madrasa. Siku moja nimekaa mbele ya watoto, nasoma sura niliyoihifadhi nikiwa na miaka tisa, nikafika katikati ikapotea. Mtoto mdogo wa mstari wa mbele akanikumbusha. Nilipofika nyumbani nililia, nikajua ndiyo ile maradhi ya bibi yangu ya kusahau imenianza. Daktari wa kike alinituliza: kusahau majina na maneno wakati huu huwapata wengi, na kwa wengi hupungua hali ikitulia. Aliniuliza nalala vipi. Nikamwambia silali. Akasema tuanze na usingizi. Siku hizi kahawa naishia adhuhuri, simu haiingii chumbani, na sura naipitia alfajiri kabla ya kwenda darasani. Bado kuna siku zapotea, lakini siogopi tena.

La kuongeza kwa wenzangu Waislamu, kwa sababu hakuna anayeliuliza hadharani: damu inayokuja ovyo wakati huu yavuruga swala na saumu. Kwetu Shafii, damu ikipita siku 15 hapo kuna istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Mwanamke ajitahirisha, atia udhu kwa kila faradhi na aswali. Kila mtu na hali yake, muulize mwalimu wako. Lakini hukumu ya sheria haitibu. Mimi niliuliza ustadhati kwanza, na ni yeye aliyenisukuma hospitali.

Ramadhani ilinipa tabu sana na joto. Daku nilikuwa nakula vitu vya chumvi na pilipili, nikavihamishia mbali. Nikalala na leso ya pamba peke yake, hayo mashuka ya kuteleza nikawapa watoto.

DerevaWaTunduma

Samahani kina mama kuingia jikoni kwenu. Nauliza kwa niaba ya mke wangu, ana 52, yeye mtandaoni hayupo. Hedhi ilishakata. Tatizo ni tendo la ndoa linamuuma, na UTI haimwishi, anatibiwa, wiki chache imerudi. Majirani wameshamwambia namletea magonjwa ya njiani. Nimepima kila kitu, niko salama, vyeti ninavyo kwenye gari. Naye sasa ananikwepa.

SistaMstaafu

Baba, umefanya vizuri kuuliza, na umefanya vizuri zaidi kupima. Estrojeni ikiisha, ngozi ya ukeni na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu. Inachubuka, inauma, na bakteria wanapata nafasi. Tofauti na joto ambalo kwa wengi huisha baada ya miaka kadhaa, hili bila tiba huwa haliondoki, linazidi. Mnunue kilainishi cha maji duka la dawa. Mafuta ya mgando msitumie na kondomu, huichana. Kisha mpeleke kwa daktari wa wanawake aulizie krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni. Dozi yake ni ndogo, inafanya kazi palepale, na inapunguza hizo UTI za kujirudia. Aache kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu. Na mkojo upimwe kwa kuotesha bakteria kabla ya kumpa tena antibayotiki nyingine.

Kitu kimoja muhimu: damu ikimtoka hata tone baada ya kukoma mwaka mzima, si hedhi imerudi. Aende hospitali wiki hiyohiyo.

Nikiwa hapa niseme na jingine kwa wote: kutoka jasho usiku si ukomo kila mara. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, unakonda, una homa za jioni, pima TB. Na VVU pimeni, umri si kinga.

DerevaWaTunduma

Asante sana mama. Naomba uniandikie jina la hiyo krimu kwa herufi kubwa nimwoneshe daktari.

SistaMstaafu

KRIMU YA ESTROJENI YA KUWEKA UKENI. Usimtajie kampuni, atakupa iliyopo. Na uingie naye kwa daktari, usimwache mlangoni.

FundiMoro

Nimerudi wanajamvi. Shikamoo mama SistaMstaafu, maji ya kunywa nakudai, maana ulinitia hofu mpaka nikafunga kibanda na kwenda.

Wingi wa damu 8.4. Daktari alisoma akaniangalia, akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu. Sukari safi, tezi safi, presha iko juu kidogo ya kuangaliwa tu. Altrasaundi imeonesha vivimbe viwili vidogo kwenye kizazi. Sampuli wamechukua, nasubiri majibu. Siki tayari, niko salama.

Na kuhusu udongo, mama, ulijuaje? Ninao kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, ule wa kuoka wanaouza sokoni. Najua ulianza lini: wakati huohuo wa ladha ya chuma.

Daktari amenipa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza mmwagiko siku za hedhi. Bega amenipeleka kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo lakini mikono yake ina adabu. Alinionesha hilo zoezi la khanga vilevile ulivyoandika, nikamwambia nalijua, akashangaa. Nafanya ukutani pale kibandani, nimeweka alama kwa chaki ya kushonea. Chaki inapanda, si sana, ila inapanda.

Wadudu wamepungua kwa mafuta ya nazi. Ulimi bado. Moyo umetulia kiasi, ingawa usiku mwingine bado naamka na ile hofu, na hapo damu siwezi kuilaumu yote.

Maswali mawili. Daktari alitaja matibabu ya homoni kwa baadaye, nikitaka. Shoga yangu ananiambia zinaleta saratani ya titi. La pili, vidonge vya chuma vimenifunga choo na kimekuwa cheusi tii, ni damu?

SistaMstaafu

Marahaba mwanangu. 8.4 ni chini sana, mwanamke asiye mjamzito anatakiwa 12 kwenda juu. Ndiyo maana nilipiga kelele.

Homoni: hofu ya shoga yako ilitokana zaidi na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002, uliositishwa kabla ya wakati. Wanawake wale kwa wastani walikuwa na miaka 63, wengi walishakoma zamani. Kwa mwenye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, na hana kikwazo, kwa wengi faida huwa kubwa kuliko hatari. Hatari ya titi ipo, ni ndogo, inategemea aina ya dawa na muda. Mwenye kizazi hapewi estrojeni ya kumeza au ya kubandika peke yake, lazima iambatane na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi unakua vibaya. Aliyewahi kuugua saratani ya titi, kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, kiharusi, au mwenye ini bovu, hizi si zake. Zipo dawa nyingine zisizo za homoni za kupunguza joto. Wewe kwanza majibu ya sampuli yatoke, damu ipande, presha ieleweke. Hakuna haraka. Na atakayetaka kukuuzia kipimo cha homoni mwambie hapana: kwa mwenye zaidi ya miaka 45 mwenye dalili zako, leo kinasoma hivi, kesho vile.

Hofu ya usiku usiidharau. Mwambie daktari kama ulivyotuambia sisi. Ina tiba, na si lazima iwe vidonge. Kuna mazungumzo na mtaalamu yanayosaidia.

Choo cheusi ni rangi ya chuma, usiogope, mradi si laini cha kunata na kunuka vibaya kupita kawaida. Kunywa maji, kula papai na mboga. Vidonge meza na chungwa, chai na kahawa zikae mbali navyo kwa saa moja au mbili kabla na baada. Vikikusumbua sana muulize daktari umeze kimoja siku moja na kuruka moja, chuma hufyonzwa vizuri hata hivyo. Usiache mara tu damu ikifika 12, endelea miezi mitatu mingine ya kujaza akiba.

Na huo udongo utoe kwenye droo. Unazuia chuma kuingia, na wakati mwingine una mayai ya minyoo.

FundiMoro

Nimeutoa. Binti ninayemfundisha ameuomba, nimemwambia kesho naye anakwenda kupima damu.